Kazi ya Kundi si Faradhi Kifaya

Juzi baada ya sala ya Isha alinijia binti wa dada yangu, anayesomea uuguzi chuo kikuu, macho mekundu kwa kukesha. Walipewa kazi moja watu sita. Wawili waliandika, mmoja alileta ukurasa alionakili, na watatu waliosalia walitumiwa ujumbe wa simu wakausoma wasijibu. Siku ya kuwasilisha walitokea, tena wamevaa vizuri kuliko wote. Alama zikatoka sawasawa kwa wote sita.

"Mjomba," akaniambia, "nikisema, nitaitwa mfitini."

Wasomaji wapenzi, neno hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Sisi wa Pwani tumelelewa katika kusaidiana. Sote twaijua faradhi kifaya: maiti akisaliwa na kuzikwa na baadhi yetu, waliobaki dhima imewaondoka. Naona vijana wetu wameichukua kanuni hiyo tukufu wakaiweka pasipo pake. Elimu ya mtu ni yake, wala shahada haiandikwi majina sita. Muuguzi aliyefanyiwa kazi na mwenziwe, iko siku atasimama peke yake mbele ya mgonjwa, na mgonjwa hatamwuliza kundi lake li wapi.

Maradhi haya si yetu pekee. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, aliwavutisha watu kamba akazipima nguvu zao, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Aliona kuwa watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa kama nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wenye kukokota jahazi huvuta kwa wimbo. Sehemu nyingine ni kutegeana. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenziwe, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwataka wanafunzi wapige makofi na makelele. Kundi lilivyokua, ndivyo juhudi ya kila mmoja ilivyopungua. Mwaka 1981 wakaonyesha na dawa: kila mtu alipojua kwamba sauti yake itapimwa mbali, kutegea kukatoweka.

Dawa hiyo sisi tuliinywa tungali wadogo. Chuoni kwetu, nami nasema chuo cha Kurani, tulisoma sote kwa sauti, na mvivu aliweza kujificha ndani ya kelele akichezesha midomo tu. Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini haikupita siku ila mwalimu alimwita kila mtoto na juzuu yake, akasoma peke yake. Hapo kelele za wenzio hazikufai kitu. Wala hakuna aliyemwita mwalimu mfitini.

Basi, mwanangu, siku ya kwanza mnapokutana, kabla nyuso hazijakunjana, andikeni karatasi moja: nani atafanya nini, na ataleta lini. Kila sehemu iwe na jina la aliyeifanya. Asiyeleta, mwulizeni kwanza faraghani, kwani huenda ni mgonjwa, au yuko kibaruani akitafuta karo. Akikaa kimya, mwambieni mhadhiri kabla ya siku kufika, si baada yake. Nawe uliyezoea kufanya yote kwa kutowaamini wenzio, jizuie, maana unawanyima kujifunza. Kusema kweli mapema, mbele ya mwenyewe, si fitina. Fitina ni kunong'ona pembeni alama zikishatoka.

Nanyi wahadhiri, makundi yafanyeni madogo, na kila mwanafunzi mwulizeni peke yake maswali mawili matatu juu ya kazi nzima. Msiniambie kuwa wanafunzi ni wengi. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa na mkeka mmoja na watoto tele, na kila mmoja wetu alimsikiliza.