Kaya Hewa na Vikundi Hewa: Fimbo Imguse na Mkubwa



Leo hatuandiki habari za singo wala mahari. Tunaandika habari za pesa za maskini, kwa sababu pesa hizo nazo huingia kwenye harusi zetu, na zinapoliwa, wa kwanza kuadhibiwa huwa ni mwanamke mnyonge.

Twendeni Morogoro, kwenye Milima ya Uluguru. Waluguru ardhi yao hufuata ukoo wa mama, lakini shamba la mteremkoni peke yake halimtoi mtu kwenye dhiki. Wapo wanawake wanaoteremka na mizigo ya ndizi na mboga kichwani kwenda kuuza mjini. Kwa mwanamke kama huyu serikali imefungua milango miwili. Wa kwanza ni ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, mpango ambao hata kwetu Unguja na Pemba upo. Wa pili ni mkopo wa halmashauri: kisheria asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba.

Hauna riba, dada zetu! Muislamu maskini apate wapi tena mkopo kama huo? Ukifungwa mlango huu, kinachobaki mtaani ni "kausha damu".

Milango yote miwili imeingiliwa na wezi. TASAF ilipohakiki daftari zake baada ya 2015, yalikutwa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili: wengine wameshafariki, wengine wamehama, wengine ni viongozi wenyewe. Huku kwenye mikopo, ripoti za CAG zimetaja vikundi hewa na pesa zisizorejeshwa.

Sasa tazameni adhabu. Waliokosa sifa walifutwa kwenye daftari, na wapo walioambiwa warudishe walichopokea. Arudishe kwa lipi, ikiwa pesa zilishaliwa unga na kununuliwa sare za shule? Na jina liliingiaje? Maskini hajiandiki mwenyewe. Jina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, hupita kwa kamati na mtendaji, kisha kwa mratibu wa halmashauri. Marehemu hawezi kuweka dole gumba kwenye karatasi ya malipo. Yupo aliye hai aliyeweka. Ni kweli baadhi ya watumishi walisimamishwa kazi. Lakini kusimamishwa si kurudisha, na bibi kizee hakusimamishwa: alifutwa kabisa.

Mwaka 2023 likaja kubwa zaidi. Mwezi wa Aprili serikali ilisitisha mikopo ya asilimia 10 nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, na haikurudi mpaka 2024. Kupanga upya ni jambo jema, hatulikatai. Lakini kikundi cha akina mama wa Mgeta au Kinole waliorejesha kila shilingi kilikaa kikisubiri sawasawa na kikundi cha uongo. Mwaminifu akabeba adhabu ya mwizi.

Dini yetu inatufundisha vingine. Alipoiba mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum, watu walimtuma Usama bin Zayd (r.a.) amwombee. Mtume ﷺ alikasirika, akawaeleza kuwa waliopita kabla yetu waliangamia kwa kumwachia mtukufu akiiba na kumwadhibu mnyonge. Hili halihitaji tafsiri ndefu.

Wala msidhani tunatetea udanganyifu. Tujisemee na sisi. Kukusanyana watano, mkaandika mradi wa batiki, mkapokea mkopo kisha mkagawana kwa ajili ya sare na ukumbi wa harusi, hiyo ni khiyana. Aliyeolewa na mume mwenye uwezo, akabaki na jina la ujane ili ruzuku isikatike, anakula haki ya yatima wa jirani. Bibi harusi, uliza dhahabu unayovishwa imetoka wapi. Ndoa inayoanza kwa haramu tunaitakia baraka gani?

Tunachodai kwa halmashauri, za Morogoro na kwingineko, ni haya. Jina likifutwa, sababu isomwe mbele ya wanakijiji, na mwenyewe apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufutwa. Anayetakiwa kulipa awe yule aliyekula, na akiwa maskini alipe kidogo kidogo. Mtumishi aliyepitisha majina ya uongo awe wa kwanza kurudisha pesa, na afikishwe mahakamani, asihamishiwe wilaya nyingine kwenda kuanza upya. Na kikundi kilicholipa kisifungiwe mlango kwa kosa la wengine.

Na sisi wanawake tuhudhurie mikutano hiyo. Majina yanaposomwa, tusikae kimya kwa kumwonea haya mke wa mwenyekiti. Ushahidi ni amana, na kuuficha ni dhambi.

Ya Allah, turuzuku halali, utukinaishe nayo, na usitujaalie kuwa sababu ya machozi ya mnyonge. Aamin.

Wabillahi tawfiq.