Kufungwa kwa Mtandao Hakumnyimi Chawa Ujira

Imeenea dhana hapa Feri, Dar es Salaam, kuanzia kwenye mnada wa samaki hadi kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, na hata nikipanda Kariakoo naikuta imekwisha kunitangulia, ya kwamba X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, ilipofungwa nchini Mei 2025, chawa wa siasa, yaani wapambe wanaolipwa kusifu na kutukana mitandaoni, walikatiwa riziki yao, na hadaa ya kulipwa ikakoma. Dhana hiyo ni batili, nayo inatudhuru, maana inatulaza usingizi.

Ujira wa kazi ile hutoka kwa mwenye fedha na haja, ambaye mlango mmoja ukifungwa huwahamishia watumishi wake kwenye mwingine. Mwaka 2021 utafiti wa Wakfu wa Mozilla ulibainisha kwamba vijana wa Kenya, waliokuwa wakiwashambulia majaji na wanaharakati katika mjadala wa BBI, mpango wa kuirekebisha katiba ya nchi yao, walilipwa takriban dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, na maagizo wakiyapata katika makundi ya WhatsApp. Twitter ilikuwa uwanja wa maonyesho tu.

Sisi Watanzania wenyewe, Desemba mwaka ule ule, tulijulishwa kuwa akaunti 268 zilitumika kupeleka mashtaka ya uongo dhidi ya wafuasi wa FichuaTanzania, kundi la kutetea haki za binadamu, na tulijua kwa kuwa Twitter ilikubali kuwafungulia watafiti kumbukumbu zake. Elon Musk alipoinunua mwaka 2022, haukupita muda, mwaka 2023, watafiti wakanyimwa njia ya bure ya kuzifikia. Na Agosti 2024 kampuni ya Meta ikaifunga CrowdTangle, zana ambayo watafiti waliitumia kufuatilia yanayosambaa Facebook na Instagram. Chawa amebaki na kazi yake. Aliyeondolewa ni shahidi.

Fauka ya hayo, uongo uliohamia WhatsApp humfikia mchuuzi kwa sauti iliyotumwa na shemeji au na mwenzake wa kikoba, naye, kwa heshima ya undugu, haoni vyema kuuliza nani kalipia.

Swali hilo lazima liulizwe. Tunayo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na Msajili wa Vyama vya Siasa ndiye msimamizi wake. Basi kila mgombea na aorodheshe fedha alizowapa watu wamsifu yeye na wamtukane mshindani wake, pamoja na mawakala waliozipokea, iwe kwa ajili ya X, TikTok au kundi la wauza dagaa, na Msajili azitangaze hesabu hizo kabla ya siku ya kura, kwa Kiswahili, bila ya kungoja kuombwa.