Ubao Mrefu Hauhitaji Gari Kubwa

Leo siandiki kuhusu seva wala hifadhidata. Leo nataka kugombana, na ugomvi wenyewe ni wa magari.

Kila baada ya wiki chache kuna jirani au mwenzangu wa kazini anayeniuliza: "Nimenunua ubao wa kafi. Sasa ninunue gari gani la kuubebea?" Kwa ambao hawajauona, ni ule ubao mrefu unaosimama juu yake majini ukijisukuma kwa kafi lenye mpini mrefu. (Na msiniambie ni kasia. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo likavutwa. Kafi hushikwa kwa mikono tu.) Kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshajijibu mwenyewe: "Itabidi nitafute SUV, ama pikapu ya kabini mbili. Si unajua ubao ni mrefu."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ubao ni mrefu, sawa. Lakini urefu wa ubao na ukubwa wa gari ni mambo mawili, na kuyachanganya kunawala watu pesa zao.

Tuanze na mahali. Mimi naishi Kipevu. Maji nayaona kila asubuhi na siwezi kuyaingia: ni maji ya bandari, kuna meli za mafuta, kuna meli za kontena, na mwenye akili timamu hapigi kafi mbele ya meli ya mafuta. Kwa hiyo mtu wa Kipevu, Changamwe au Port Reitz anayependa mchezo huu lazima aufunge ubao juu ya gari. Aende kaskazini, Nyali na Bamburi, akipitia daraja la Makupa lililofunguliwa 2022. Au aende kusini, Diani, kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo sasa inamfikisha ng'ambo bila kusubiri feri ya Likoni. Njia zote mbili ni lami. Hakuna mlima wa kupanda wala mto wa kuvuka kwa magurudumu manne.

Andika mahitaji kwanza

Sisi waandika programu tuna ugonjwa mmoja: tunachagua chombo, halafu ndio tunauliza kazi ni ipi. Basi tuandike mahitaji kama watu wazima.

Ubao wa kawaida wa kutembelea una futi 10 na inchi 6, yaani mita 3.2. Wa safari ndefu una futi 12 na inchi 6, mita 3.81. Wa mashindano una futi 14, mita 4.27. Uzito wa ubao mgumu mara nyingi ni kati ya kilo 10 na 16.

Soma tena hapo mwisho. Kilo 16. Mfuko wa simiti ni kilo 50 na watu wanaubeba kwa pikipiki. Ukishajua hivyo, injini kubwa imetoka kwenye orodha. Yanabaki mambo matatu tu:

1. Paa refu, ili vyuma viwili vya keria vikae mbali kimoja na kingine. Vikikaribiana, ubao unacheza kama mizani.
2. Paa la chini, ili uweze kupandisha ubao peke yako.
3. Mahali pa kufungia kamba mbele na nyuma, chini ya bampa.

Kwa orodha hiyo, jibu langu ni Toyota Probox. Ndiyo, hiyo hiyo. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, na ikafanyiwa mabadiliko makubwa 2014. Ina urefu wa mita 4.2 hivi na kimo cha kama mita moja na nusu. Nyuma imekatwa wima, kwa hiyo paa linakwenda karibu mpaka mwisho wa gari. Vyuma vya keria unaweza kuvitenga mita moja na zaidi. Ubao wa mita 3.81 unakaa ndani ya urefu wa gari. Ule wa futi 14 unalizidi gari kwa sentimita chache tu.

Sasa weka SUV kubwa kama Prado kwenye mizani hiyo hiyo. Paa lake liko karibu mita 1.9 kutoka chini, kabla hujaweka keria. Mimi nina mita 1.68. Jaribu kuinua ubao wa karibu mita 4 juu ya kichwa chako, peke yako, upepo wa kusi ukivuma. Ubao unageuka tanga na wewe unakuwa mlingoti. Na pikapu ya kabini mbili? Sehemu yake ya mzigo ina mita moja na nusu hivi. Ubao wa mita 3.81 ukiulaza humo, zaidi ya mita mbili zinaning'inia nje. Utaishia kununua keria ya paa, na utakuwa umerudi pale pale.

Wala sijagundua jambo hapa. Mafundi wa maji wa Changamwe wanapitisha mabomba ya PVC ya mita 6 juu ya Probox mbele ya macho yetu. Wao walishafanya utafiti wote. Sisi tulikuwa tunasoma vipeperushi.

Gari la kila siku ni la kila siku

Ubao unapanda juu ya gari langu siku moja kwa wiki. Siku tano gari linakwenda kazini. Kutoka Kipevu mpaka ofisini Nyali na kurudi ni kama kilomita 30, kwa hiyo 150 kwa wiki. Ongeza 80 za kwenda Diani Jumamosi na kurudi: 230. Gari langu hunipa kilomita 14 kwa lita. SUV ya mwenzangu, kwa foleni zetu hizi, humpa 7. Lita 16 na ushee dhidi ya karibu 33, kila wiki. Kwa wiki 50 tofauti ni zaidi ya lita 800 za petroli. Zidisha kwa bei ya leo, halafu ukae chini.

Kuna na sheria ya miaka 8. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake, mwenye pesa za Probox iliyoshuka melini juzi, akitaka SUV kwa pesa hizo hizo, atapata iliyozeekea humu humu nchini, yenye historia asiyoijua.

Huyo mwenzangu ndiye aliyenifanya niandike. Alikuwa wa kwanza kufika majini, alfajiri, bahari ikiwa shwari. Akachukua mkopo akanunua gari kubwa "kwa ajili ya ubao". Sasa Jumamosi anahesabu mafuta, anahesabu mkopo, anabaki nyumbani. Ubao umeegemea ukuta, watoto wanauanikia nguo. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya ubao ndilo lililouua ubao. Hilo ndilo linaloniuma, si chapa ya gari.

Najua mtakachosema

*"Nunua ubao wa kujaza upepo, uingie kwenye buti."* Ni kweli, na kama unakaa ghorofa ya nne bila mahali pa kuuweka, fanya hivyo. Lakini mara nyingi ubao mgumu unateleza vizuri zaidi, na kuujaza mwingine kwa pampu ya mkono kila Jumamosi ni mazoezi kabla ya mazoezi.

*"Kuna mchanga ufukweni."* Nani kakwambia uendeshe gari mchangani? Egesha kwenye lami, beba ubao kwapani. Kilo 16, kumbuka.

*"Vitz au Demio je?"* Kwa ubao wa mita 3.2, utavumilia. Kwa mrefu zaidi, paa ni fupi, vyuma vinakaribiana mno.

*"Probox ni gari la miraa."* Ndiyo. Gari lililoaminiwa mzigo unaoharibika usipofika kwa wakati. Umeisifu bila kujua.

Hatari iko kwenye kamba

Sasa nikiri. Nilishawahi kuangusha ubao barabarani, na gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilifunga kamba mbili za katikati, nikaona uvivu kufunga pua. Nilipopishana na trela la kontena, upepo wake uliingia chini ya ubao, ukaunyanyua, mkanda ukateleza. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda amebeba mama na mtoto. Alikwepa. Nilikaa kando ya barabara mikono ikitetemeka, na yule kijana aliniambia maneno ambayo nilistahili kila moja.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Ubao uliotulia kwenye kilomita 50 kwa saa si ubao ule ule kwenye 100. Kwa hiyo:

- Laza ubao kifudifudi, upande wa kusimamia ukitazama chini na pua ikielekea mbele. Mkunjo wa pua unainamia boneti, upepo unaukandamiza badala ya kuunyanyua.
- Mikanda miwili ya bizimu kwenye vyuma. Usikaze kupita kiasi; ndani ni povu, litabonyea.
- Kamba ya pua na kamba ya mkia, kila safari, hata ya kilomita mbili.
- Simama baada ya dakika tano, tikisa ubao. Ukicheza, funga upya.
- Ukirudi, mwagia paa maji baridi yasiyo ya chumvi. Kutu haibagui chapa.

Angalia orodha hiyo. Hakuna hata jambo moja linalonunuliwa kwa mkopo.

Mwisho, jaribio langu. Ukienda yadi ya magari, nenda na tepu ya kupimia na bomba la PVC la mita nne. Pima paa. Kisha mwombe muuzaji akae kando, upandishe bomba juu ya paa peke yako, bila ngazi na bila kusaidiwa. Ukishindwa, gari hilo si lako, hata likiwa linang'aa vipi. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke, Jumamosi alfajiri yeye atakuwa amelala, na wewe utakuwa majini.