Si Linacheza?

Kuna watu wananiudhi, na leo nawasema. Ni hawa wanaouza gemu za zamani za DOS mtandaoni. Wanachukua hela yako, halafu wanakukabidhi gemu ambalo muziki wake umekatwa miguu. Ukilalamika unaulizwa: si linacheza?

Linacheza, ndiyo. Hata redio yenye spika iliyopasuka inaongea.

Tuelewane kwanza. Zamani hizo kompyuta haikuwa na sauti ya maana, ilikuwa na kaspika ka kupiga mlio tu. Mwaka 1987 ikaja AdLib, yenye chipu ya Yamaha inayotoa sauti tisa kwa pamoja. Mwaka 1989 Creative wakatoa Sound Blaster, chipu ile ile pamoja na uwezo wa kupiga sauti zilizorekodiwa. Lakini wenye nazo walikuwa na Roland MT-32, kisanduku cha pembeni cha mwaka 1987, karibu dola 700. Sierra walipotoa King's Quest IV mwaka 1988 walimchukua William Goldstein, mtunzi wa muziki wa filamu, na kisanduku hicho ndicho kilichoutendea haki muziki wake.

Sasa njoo leo. DOSBox, iliyoanza 2002, ni kazi ya watu wa kujitolea na ni ya bure kabisa. Wauzaji wengi wanaifunga humo humo na gemu. Gemu likikaa kimya, mara nyingi ugonjwa ni mdogo: gemu linaitafuta kadi ya sauti mahali fulani, emuleta imeiweka kwingine. Unafungua SETUP ya gemu, unachagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Basi. Dakika mbili. Muuzaji aliyepokea hela yangu hakuwa nazo dakika mbili?

Hilo la kimya ni afadhali, maana unajua kuna tatizo. Baya zaidi ni lile usilolijua. DOSBox ya asili haina MT-32 ndani yake. Ukichagua Roland, noti zinapelekwa kwenye Windows, na Windows inafuata General MIDI, utaratibu uliokuja 1991, wenye namba tofauti za ala. Mtunzi kaandika filimbi, wewe unapigiwa kitu kingine kabisa. Asiyejua atadhani mtunzi alikuwa amelewa.

Dawa ipo, inaitwa Munt, na imo ndani ya ScummVM na DOSBox Staging. Ila inadai faili mbili za romu kutoka kwenye kisanduku chenyewe. Zote mbili hazifiki kilobaiti 600, yaani picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hizo. Hakimiliki ni ya Roland. Kwa hiyo mnunuzi mwaminifu, aliyelipia gemu lake, anaachiwa mambo mawili: akasake mashine ya miaka ya 80, au akaokote faili vichochoroni kama mwizi.

Msiniambie habari za hakimiliki, mimi mwenyewe nakula kwa kuandika. Siombi bure. Muuzaji akakae na Roland, apate kibali, aongeze dola moja kwenye bei. Nitalipa leo leo.

Wengine eti, kasikilize YouTube. Hawa hawajacheza Monkey Island 2 ya mwaka 1991. Humo LucasArts waliweka iMUSE, mfumo wa Michael Land na Peter McConnell, ambao unageuza muziki kadiri unavyotembea. Pale Woodtick, ukiingia mlango huu wimbo unabadili sura, ukitoka unarudi bila kukatika. Utarekodi matembezi ya nani?

Na hatuna akiba ya kuchezea. Mwaka 2023 Video Game History Foundation walionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena. Ina maana tunazungumzia zile chache zilizobahatika kupata duka. Hizo nazo ndizo tuzipokee mbovu, tushukuru?

Muuzaji wangu nimemwandikia mara mbili. Jibu lililokuja lilinishauri nihakikishe kwamba spika zimewashwa.