Glovu Moja Haifai Kazi Zote



Hapa kambini glovu nyembamba, zile za kumhudumia mgonjwa, zinaonekana kila mahali. Anayesafisha vyoo amezivaa, anayechanganya klorini amezivaa, anayetengeneza sabuni ya kuuza amezivaa, hata anayebeba matofali. Wengine huzifua na kuzianika kwenye kamba ili zitumike tena kesho. Kwa maoni yetu tabia hii ni ya hatari. Glovu isiyofaa humpa mtu ujasiri wa uongo, akashika kitu ambacho kwa mikono mitupu asingekigusa.

Glovu nyembamba ni ya mgonjwa mmoja na kazi moja fupi: kufunga kidonda, kutoa damu, kumsaidia mama anayejifungua. Ikishatumika inatupwa. Ukiifua na kuivaa tena, huenda ina vitundu ambavyo huvioni.

Anayesafisha vyoo, wodi au shimo la taka anahitaji glovu nene za mpira zinazofunika mkono hadi karibu na kiwiko. Hizo huoshwa kwa sabuni, hutiwa dawa, hukaushwa na kutumika tena mpaka zitoboke. Hata hivyo hazizuii sindano. Usishindilie taka kwa mkono, na sindano zote ziingie kwenye sanduku lake.

Anayetengeneza sabuni kwa kostiki soda naye avae glovu nene za mpira, akinge na macho. Asisahau kwamba soda hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya soda. Fundi anayechanganya saruji pia avae mpira, kwani saruji mbichi huunguza ngozi. Glovu za kitambaa au za ngozi ni za kuni, matofali na jembe. Zikilowa dawa au saruji huishikilia kwenye ngozi, na madhara huzidi. Na wewe wa mashine ya kusaga, usivae glovu yoyote karibu na mkanda unaozunguka. Mkanda ukiinasa glovu, mkono nao utavutwa.

Wapo watakaosema: "Hizo nene hazipatikani, bora hizi kuliko kukosa kabisa." Tunawaelewa. Lakini kila glovu ya dispensari inayokwenda kwenye matofali inapungua kwa mkunga. Wengi wetu tuna ndugu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 katika maeneo hayo, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Ugonjwa wa namna hiyo hautoi taarifa kabla ya kufika. Siku utakapofika, boksi la glovu lisikutwe tupu.

Kwa hiyo tunawaomba wasimamizi wa kazi na viongozi wa zoni: mnapoagiza fagio na klorini, agizeni pia glovu nene, na ziwe za vipimo tofauti. Mama mwenye mikono midogo hawezi kushika fagio vizuri kwa glovu inayompwaya. Mfanyakazi wa posho ana mikono kama ya mfanyakazi wa mshahara, naye anastahili kinga ileile. Nawe mfanyakazi, usione haya kuuliza kabla ya kuanza: "Glovu ya kazi hii iko wapi?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Mwisho, glovu haichukui nafasi ya sabuni. Kila unapovua, geuza ya nje iwe ndani, usiguse upande mchafu. Kisha nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, bila kusahau katikati ya vidole na chini ya kucha.