Kifaru Kimeua, au Nani Ameua?

Katika somo la sintaksia tunafundishwa mapema kwamba jina kifaru lina tabia mbili. Likitaja mnyama, linapatana kama viumbe wengine: kifaru amekufa. Likitaja gari la vita, linarudi kwenye ngeli yake ya KI-VI: kifaru kimekufa, yaani injini imezima. Mfano huu huchekesha darasa, kisha mwalimu anapita kwenye mwingine. Mimi nimebaki hapohapo, kwa sababu ya sentensi ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika ubaoni: kifaru kimeua watu watatu. Sarufi haina neno nayo. Lakini kifaru hakilengi shabaha wala hakitoi amri. Ndani ya Sherman, kifaru cha Wamarekani katika Vita Kuu ya Pili, waliketi watu watano: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji wa risasi, dereva na msaidizi wake. Sentensi yetu imewameza wote watano na kubakiza chuma.

Nasema haya kwa sababu nataka kutetea jambo ambalo wengi wananiambia ni la kitoto, au ni baya zaidi ya kitoto: kutengeneza vifaru vidogo na kuvipaka rangi. Nataka kulitetea lifanyike Mitwaba, nilikozaliwa, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa Lubumbashi kwa barabara, mahali ambapo kila mtu mwenye umri wangu ana sababu ya kuchukia bunduki hata ya mti.

Mwaka jana, nilipokwenda kurekodi masimulizi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho, niliwakuta wavulana wanne nyuma ya nyumba ya mjomba wakijenga kifaru. Mwili ulikuwa kopo la sardini. Magurudumu yalikuwa vizibo vya bia ya Simba, kumi na viwili, vimetobolewa kwa msumari na kupitishiwa waya. Mnyororo wake ulikatwa kwenye mpira wa ndani wa kinga, kama tunavyoita baiskeli huku kwetu, na mzinga ulikuwa ganda la kalamu ya Bic. Sehemu ya juu inayozunguka waliiita kichwa, na sioni neno bora. Chombo chenyewe hawakukiita kifaru. Waliita blende, yaani blindé ya Kifaransa iliyovalishwa sauti za Katanga.

Mzee mmoja wa kanisa alipita, akasimama, akaniangalia mimi, si wao. "Mwanangu, weye wa iniversité, unafundisha batoto vita? Vita tulishashiba."

Nilimjibu, "Tata, sikuwafundisha mimi." Hakuridhika, na hakuwa na sababu ya kuridhika. Anajua anachosema. Kati ya mwaka 2003 na 2006 eneo la Mitwaba, Manono na Pweto lilipewa jina la pembetatu ya mauti. Vijiji vilichomwa na Mai-Mai, na vingine vilichomwa na wanajeshi wa serikali waliotumwa kuwafukuza hao Mai-Mai. Maelfu walikimbilia Mitwaba mjini na kulala popote palipokuwa na ukuta. Mtu aliyepita katika hayo akiona mtoto anasukuma mzinga kwenye vumbi na kutoa sauti ya mlipuko kwa midomo, ana haki ya kukasirika.

Lakini tazama kitu kimoja. Katika vita vyetu hapakuwa na kifaru. Waliokuja walikuja kwa miguu, na waliokimbia walikimbia kwa miguu au kwa kinga, mama juu ya kiti cha nyuma, mtoto mgongoni, sufuria kwenye usukani. Wavulana hawa wamejenga chombo ambacho mtu wa Mitwaba hajawahi kukiona barabarani. Wamekitoa kwenye filamu na simu. Vita vya nyumbani, ambavyo wazazi wao waliviona kwa macho, hawana umbo lake. Kwa nini?

Jibu ninalo kwenye kinasa sauti. Masimulizi niliyokusanya yamejaa kauli ya kutendwa, na karibu hayana mtenda. "Manyumba ilichomwa." "Tulikimbizwa." "Batu baliuawa." Kiswahili kinatupa nafasi ya kumtaja mtenda kwa neno dogo sana, na, herufi mbili tu: nyumba zilichomwa na fulani. Herufi hizo mbili hazitamkwi. Mahali pengine msimulizi anatumia nafsi ya tatu wingi isiyo na mtu: "Balikuya bushiku." Ba- wapi? Ba- nani? Ukiuliza, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya unga. Hii si udhaifu wa lugha. Ni hekima ya watu wanaoishi jirani na wale waliowachomea, wanaochota maji kisima kimoja. Mahakama ya kijeshi ilipokaa Kipushi na kumhukumu Gédéon Kyungu Mutanga adhabu ya kifo tarehe 5 Machi 2009, angalau mtenda mmoja aliandikwa kwa jina. Alikuwa amejisalimisha palepale Mitwaba mwezi wa Mei 2006. Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa, na watu wakarudi kwenye kauli ya kutendwa. Nani angewalaumu?

Hapa ndipo kifaru cha kopo kinaponihusu kama mwanaisimu.

Wako watu duniani wanaotengeneza vifaru vidogo kwa uangalifu wa kupindukia. Nimetazama video zao nyingi, hasa za Wafaransa, mchana wakati kuna umeme. Kipimo wanachokipenda ni 1/35, na asili yake inachekesha: kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitafuta ukubwa ambao betri na mota vingeweza kuingia ndani. Betri zimeondoka, kipimo kimebaki. Katika 1/35 mtu wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 5. Vipande vya plastiki vinakuja vimening'inia kwenye fremu ambayo Wafaransa wanaiita grappe, kama kichala cha zabibu. Mimi napendekeza chana, kwa sababu ukikata kipande unafanya hasa kile unachofanya na ndizi. Rangi ya msingi ikikauka, unaimwagia rangi nyeusi au ya kahawia iliyotiwa maji mengi, iingie kwenye mifereji na kuzunguka ribiti. Wafaransa wanaiita jus. Wavulana wangu, waliotumia masizi na petroli, waliiita mchuzi bila kuulizwa. Baadaye wanachovya brashi, wanaifuta karibu ikauke, wanapitisha juu ya kingo ili chuma kionekane kimechakaa. Hao wa Ulaya wananunua tope la kutengenezwa viwandani kwenye chupa. Mitwaba tope lenyewe ni jekundu, linapatikana bure, na linashika kwenye mpira kuliko gundi yoyote.

Nawaheshimu mafundi hao. Lawama yangu kwao ni moja: wanatumia wiki tatu kwenye kutu, na kifaru kinabaki kitupu. Mlango wa juu umefungwa. Ni sentensi yetu ileile, kifaru kimeua. Na bado sanaa yenyewe inawadai jibu, maana huwezi kupaka rangi kabla hujaamua chombo ni cha nani. Mwili wa Sherman ni mmoja. Ukiupaka kijani kibichi-kahawia na nyota nyeupe, uko Ufaransa mwaka 1944. Lakini jeshi la Uganda nalo lilikuwa na Sherman zilizotoka Israel, na Idi Amin alizirithi. Ukiandika alama zake, umefika kwenye mpaka wa Tanzania na vita vya 1978 na 1979. Rangi ndiyo herufi mbili zile: na.

Lubumbashi hatuhitaji kwenda Japani kutafuta mwalimu wa jambo hili. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mji huu, katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha baada ya picha, zipatazo mia moja, akazieleza kwa Kiswahili chetu hiki ambacho wengine wanakiona hakifai kuandikwa. Alijiita mwanahistoria. Alikuwa na mazoea ya kuandika maneno kwenye turubai yenyewe, ili mtazamaji asibaki anakisia. Askari katika picha zake si "vikosi". Ni watu wanaosimama mahali fulani, siku fulani.

Na mji huu una deni la zamani la namna hiyo. Wakati wa vita ya Hitler shaba ya Katanga iliuzwa kwa Washirika, na maganda ya risasi za mizinga hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma kudai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakapigwa risasi. Tazama nilivyoandika: wakapigwa risasi. Na nani? Na askari wa Force Publique, chini ya utawala wa Wabelgiji. Ilinibidi nirudi nyuma niongeze sentensi nyingine. Anayetengeneza Sherman ya kopo Lubumbashi bila kujua habari hiyo, ametengeneza nusu yake tu.

Kwa hiyo siku ile Mitwaba niliwauliza wavulana: "Batu ba mu blende beko wapi?" Mkubwa wao akashangaa. "Yaya, ni blende tu. Hakuna mutu." Nikawaachia swali hilo. Siku ya tatu walikuwa wamefinyanga watu watatu wa udongo, sentimita nne hivi, na kuwakausha kwenye jua. Ndipo ugomvi ulipoanza, maana watu hawa lazima wavalishwe. Mmoja alitaka wapakwe kijani cha jeshi. Mwingine alitaka wafungwe majani kichwani kama Mai-Mai. Wakashusha sauti. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi karibu, akingoja mjomba, na alikuwa amesikia yote. Akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba nyumba yake ilichomwa na... akalitaja kundi, akataja na kijiji walikotoka. Sitaliandika hapa, wengine wangali majirani zake. Ninachoweza kuandika ni kwamba katika saa kumi na moja za kinasa sauti changu hiyo na haikuwa imesikika hata mara moja, na ilisikika juu ya kopo la sardini, kinasa kikiwa ndani kwenye begi.

Najua watakaoniambia kwamba kumtaja mtenda ni hatari, na kwamba kwa watu wa kule usalama ni bora kuliko sarufi. Ni kweli. Ndiyo maana sitaki tuanze na hotuba wala makongamano. Udongo wa sentimita nne unaweza kuvunjwa jioni, na aliyesema anaweza kudai alikuwa anacheza. Shahidi wa mahakamani hana ruhusa hiyo.

Wenzangu wa idara yetu wanaokwenda kijijini na orodha ya maneno mia mbili ya kuuliza, wakiuliza "jua" na "mwezi" na "jiwe", nawaomba wabebe pia waya na kopo. Watapata msamiati ambao haumo kwenye orodha: mchuzi wa rangi, kichwa cha blende, mnyororo. Watapata na vitenzi vyenye watu ndani yake.

Mwezi wa nane narudi Mitwaba. Wavulana wameagiza gundi, rangi ya kijani na nyeusi, na brashi moja nyembamba. Mdogo wao ameagiza waya wa kutosha kutengeneza kinga tano. Mzee wa kanisa naye ametuma ujumbe kupitia kwa mjomba: nilete na kalamu ile isiyofutika kwa maji.