Ayari wa Mpakani Hana Mbio

BARAZANI na Idi Simkoko

Kila likizo ya mwisho wa mwaka inapowadia, mabasi yatokayo Dar es Salaam huushushia mkoa wetu wa Songwe watu wa namna mbili: wenyeji wanaorejea Vwawa, Mlowo na Ileje kuwaamkia wazee wao, na wale waliodunduliza mwaka mzima ili wavuke Tunduma, washike njia ya Lusaka, na hatimaye wayaone maporomoko ya Victoria kule Livingstone. Wote huwa wamekwisha kuaswa na jamaa zao washike mabegi yao sawasawa, kwa kuwa Tunduma kuna wezi. Nasaha hiyo siibezi. Ila kwa miaka niliyokaa karibu na mpaka huu nimebaini kwamba kibaka achomoaye simu dirishani akatimua mbio hawatii wasafiri hasara kubwa kama yule ayari asimamaye kwa utulivu, akakusalimu kwa staha, akakuita mjomba, nawe ukamkabidhi mali yako kwa mkono wako wa kulia.

Sisemi ya kuhadithiwa. Mwaka 2014, kabla ya kujengwa kituo cha pamoja cha mpakani ambacho marais wa nchi mbili walikizindua Oktoba 2019, nalikwenda Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma, kwa matembezi, na kati ya foleni ya malori, jua la adhuhuri likiniwakia utosini, akanijia kijana mwenye mabunda ya kwacha mkononi, akanitajia bei iliyopita ile ya duka la fedha. Nikalipokea bunda, nikalihesabu, nikakuta noti moja imepungua. Kijana akataka radhi kwa unyenyekevu ulionitia haya mimi niliyedai haki yangu. Akalichukua, akaongeza noti ile mbele ya macho yangu, akalikunja na kunirudishia, nami nikafurahi kwa uaminifu wake hata nisihesabu mara ya pili. Nalipoketi kula nshima upande wa pili, mama mwuzaji akanirudishia noti kwa huruma: “Baba, hizi za zamani.” Juu palikuwa na mbili halali; zilizosalia zote zilikuwa za elfu hamsini, za kabla ya Januari 1, 2013, siku Zambia ilipokata sifuri tatu katika fedha yake, elfu moja ya kale ikawa kwacha moja. Upungufu ule wa noti moja ndio uliokuwa chambo.

Mtu atasema nalistahili, kwa kuwa nalifuata bei nono kwa mtu asiye na leseni, jambo ambalo sheria inalikataza. Nakiri. Lakini hila ile haijazeeka. Mwaka 2025 pekee Benki Kuu yetu iliziondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, ikitoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, na mwishoni mwa Machi Zambia nayo ikatoa noti mpya, ikiwamo ya 500 ambayo haikuwapo awali. Basi Mzambia ashukaye huku na Mtanzania avukaye kule, kila mmoja ni ajinabi mbele ya fedha ya mwenzake, na katikati yao amesimama mtu anayezijua zote mbili.

Naye mtu huyo hutumia haraka. Atakwambia basi la Lusaka limekwisha kuwashwa moto, ofisi inafungwa, askari wanakuja. Hali saa ya Nakonde iko nyuma ya yetu kwa saa moja, yaani aingiaye Zambia hupewa saa nzima ya bure, nami sioni kwa nini asiitumie kuhesabu fulusi zake. Wala jina la mjomba si ithibati: Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na wajomba wa kweli ni wengi, ndiyo maana wa uongo hupata nafasi.

Wazee wetu walisafiri na fedha kibindoni, na mama zetu wakaifunga kwenye pindo la kanga, ile ya nauli mbali na ile ya matumizi, ili asiyehusika asijue jumla yake. Msafiri wa leo hutoa pochi yote kununua maji ya chupa, kisha hushangaa kufuatwa.

Hata hivyo si haki mzigo wote tumtwike mgeni. Naiomba Halmashauri ya Mji wa Tunduma, pamoja na wasimamizi wa kituo cha pamoja, waweke ubao mmoja pale stendi na mwingine pale mpakani, wenye bei ya siku na picha za noti halali za nchi zote mbili, kwa Kiswahili cha kusomeka. Pembeni patakuwa na nafasi ya kuonyesha noti zilizokufa. Ninazo za elfu hamsini sandukuni kwangu, nami niko tayari kuzitoa bila malipo.